Shamba Kwanza, Vyumba Baadaye

Wageni waliofika katika visiwa vyetu mwaka 2024 walizidi laki saba. Katika hao wamo wengi waliopelekwa, japo kwa saa mbili au tatu, kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani, Kidichi, Dole na vijiji vya jirani. Huko hupasuliwa kungumanga wakaona basibasi nyekundu ilivyolizunguka kokwa lake. Husuguliwa jani la mdalasini wakalinusa. Huvishwa kofia za makuti, wakala wali, kisha wakapandishwa garini kurejeshwa pwani. Kitanda wanachokilipia kiko pwani. Mwenye shamba hubaki na bakshishi na bei ya vipakiti vichache vya iliki.

Si ajabu, basi, kwamba wakulima wameanza kuuliza kwa nini mgeni aliyekuja kuutazama mkarafuu asilale karibu na mkarafuu. Anayeuliza hivyo hadai hoteli. Anacho chumba kimoja au viwili vilivyoachwa na watoto waliohamia mjini, au ghala la zamani ambalo kuta zake bado ni nzima, na anataka ruhusa ya kuvitengeneza, kuweka choo cha heshima na maji safi, apokee wageni watatu au wanne kwa wakati mmoja huku akiendelea na kilimo chake. Sisi tunaona kwamba ombi hili ni la haki. Tunaona pia kwamba likijibiwa ovyo litaleta madhara makubwa kuliko likikataliwa, na kwa hivyo tunataka lijibiwe kwa utaratibu uliofikiriwa.

Tuanze na ardhi yenyewe, kwa kuwa ndiyo kiini cha jambo. Unguja na Pemba kwa pamoja hazizidi sana kilomita za mraba 2,600, na sensa ya 2022 ilituhesabu karibu watu milioni 1.9. Tena si kila pahala panalimika. Upande wa mashariki na kusini wa Unguja sehemu kubwa ni ardhi ya mawe, udongo wake ni haba. Huko ndiko zilikojengwa hoteli nyingi za pwani, na hata anayezilaumu kwa mengine hawezi kusema kwamba zimekula mashamba ya karafuu. Mashamba ya viungo yako kwenye udongo wenye kina, katikati na magharibi ya Unguja na katika vilima na mabonde ya Pemba. Udongo huo ni kidogo, na tayari unaliwa na nyumba za kuishi zinazotambaa kutoka mjini mwaka hadi mwaka. Kinachojengwa pwani kinaweza kuondolewa mchanga ukabaki. Mikarafuu ikishakatwa, atakayepanda mingine atangoja miaka sita hadi minane kabla ya kuchuma mavuno ya kwanza, na shamba likishamiminwa zege halirudi kuwa shamba katika umri wa mtu.

Sehemu ya mashamba haya ni yale ya ekari tatu, ambayo Serikali iliwagawia wananchi wasiokuwa na ardhi baada ya Mapinduzi ya 1964. Ekari hizo zilitolewa ili zilimwe. Kila mtu anajua kwamba baadhi yake zimekatwa vipande na kuuzwa kwa maneno ya pembeni na hati za kienyeji, na kwamba palipokuwa na minazi leo pana kuta za matofali. Afisa anayetazama ombi la vyumba vya wageni katika shamba la ekari tatu ana haki ya kukunja uso. Anakumbuka ombi jingine lililoanza na vyumba viwili, likaja la vinne, ukaja ukuta, likaja bwawa la kuogelea, na mwisho wake mwenye shamba akawa mlinzi wa lango katika ardhi aliyopewa baba yake. Hofu hiyo ina msingi, na wanaowacheka maofisa kwa kuwa nayo hawajatembea vya kutosha mashambani.

Hata hivyo, hofu pekee haijengi sera. Ombi linalozungushwa halifi. Mkulima anayetaka kufuata sheria huambiwa aanzie kwenye ardhi, na ardhi humpeleka kwenye mipango. Mipango humtaka aende kwa watu wa mazingira, nao humuuliza kama ameshafika Kamisheni ya Utalii. Huko huambiwa alete kwanza karatasi ya halmashauri. Kila ofisi kati ya hizo ina wajibu wake halali, wala hatusemi kwamba yoyote iondolewe. Tunachosema ni kwamba njia hiyo ilipasuliwa kwa ajili ya mwekezaji mwenye wakili, mchoraji wa ramani na gari. Mwenye vyumba viwili akipitishwa humo humo, nauli na siku alizopoteza zitapita thamani ya vitanda vyake. Atachagua moja kati ya mawili. Ama atajenga bila ya kibali na kuandika kwamba ni ghala la mazao (na yapo maghala ya mazao yenye feni na mapazia ya maua), ama atamkodisha shamba mtu mwenye nguvu ya kupita katika milango yote hiyo. Katika njia ya kwanza Serikali inakosa kodi na usimamizi. Katika ya pili inapatikana ile hoteli ya mlango wa nyuma iliyokuwa ikiogopwa.

Liko jambo jingine ambalo halizungumzwi sana maofisini ila kila sheha analijua, nalo ni mirathi. Aliyepewa ekari tatu katika miaka ya 1960 ameshafariki, au ni mzee sana. Ameacha watoto, na watoto wameacha wajukuu. Kila mmoja ana fungu lake kwa mujibu wa sharia, na fungu hilo ni haki yake. Hapana wa kumnyima. Lakini ekari tatu zikigawiwa kwa warithi kumi na wawili, hakuna atakayelima. Kila mmoja atakuwa na kiwanja. Wengi wanaouza ardhi hawaiuzi kwa tamaa. Wanauza kwa sababu fungu lililobaki halimlishi mtu, na ndugu aliye mjini anataka chake mkononi. Ongeza hapo kwamba katika visiwa vyetu mti na ardhi iliousimamia si lazima viwe vya mtu mmoja. Huyu ana mikarafuu minane ya marehemu bibi yake, yule ana udongo, na wa tatu ana nyumba aliyojengewa kwa hisani.

Hapa ndipo tunapoona faida ambayo wengi hawajaiona. Vyumba vichache vya wageni, vikiendeshwa kwa jina la ukoo mzima, vinaweza kuwapa warithi kitu cha kugawana bila ya kuligawa shamba. Pato hugawanywa kwa mafungu. Miti na udongo hubaki pamoja. Lakini faida hiyo itapatikana tu ikiwa kibali kitauliza mapema ni nani wenye haki katika shamba, na wote wakaweka saini mbele ya sheha, wenye miti pamoja na wenye ardhi, wanawake sawasawa na wanaume. Tumesisitiza wanawake kwa makusudi, kwani fungu la dada ndilo linalosahauliwa upesi zaidi pesa zinapoanza kuingia.

Wala hatusemi jambo ambalo halijapata kufanywa duniani. Italia, nchi ambayo watu wake huja kwetu kwa wingi, ilitunga sheria ya mambo haya mwaka 1985 na kuweka sheria mpya badala yake 2006. Msingi wa sheria hiyo ni kwamba kupokea wageni ni kazi inayofungamana na kilimo, na kilimo ndicho kibaki kuwa kazi kubwa ya mahali. Majengo yaliyomo tayari shambani ndiyo yanayoruhusiwa kutumika. Kwa mkulima mdogo, sheria ya 2006 ilirahisisha mambo kwa kusema kwamba akiwa na wageni wasiozidi kumi, kilimo chake kitahesabiwa kuwa ndicho kikubwa bila ya kumsumbua kwa mahesabu marefu. Hatupendi kuiga kila kinachotoka Ulaya, na mizabibu si mikarafuu. Lakini kanuni hii ni ya akili: anayepewa ruhusa ni mkulima kwa sababu ni mkulima, na siku anapoacha kulima sababu ya ruhusa imekwisha.

Kwetu sisi kanuni hiyo ina maana kwamba kibali kifungwe kwenye miti. Bwana shamba au bibi shamba wa wilaya aende, ahesabu mikarafuu, mipilipili manga, midalasini na minazi iliyomo, aandike hesabu hiyo kwenye kibali chenyewe kama vile idadi ya vitanda inavyoandikwa. Kila mwaka kibali kinapohuishwa ahesabu tena. Mti uliokufa upandiwe mwingine. Mkarafuu, kama tunavyojua, haukatwi bila ya ruhusa. Basi mwenye vyumba atakayeukata kwa siri ili mgeni apate kuona bahari kutoka dirishani apoteze vyumba vyote, pasiwe na faini ya kumwezesha kuendelea. Vitanda visizidi kumi. Nyumba iliyopo itangulie kutumika kabla ya kujengwa mpya. Ukuta wa kuzunguka usiruhusiwe kabisa, kwa kuwa ukuta ndio dalili ya kwanza kwamba shamba linageuka kuwa kitu kingine, na njia za miguu za kwenda kisimani na msikitini hupita katika mashamba yetu tangu zamani. Kibali kisiuzwe wala kisikodishwe. Kwa masharti haya machache, halmashauri iwe ndiyo dirisha moja la kupokea ombi, na yenyewe ndiyo izitafute ofisi nyengine. Mwananchi asifanywe tarishi.

Juu ya maji na vyoo hatuhitaji kusema mengi, ila hili moja. Mgeni anayeoga mara tatu kwa siku hutumia maji ambayo jirani huyachota kwa ndoo. Penye kisima cha kijiji, shimo la choo la wageni lichimbwe mbali nacho na upande wa chini, na mkaguzi wa afya alione kabla halijafunikwa.

Wako wazee wanaochelea adabu. Wanauliza kama mgeni atapita nusu uchi mbele ya madrasa, na kama ulevi utaingia mahali ambapo haujapata kuingia. Tunawaelewa, na hatudhani kwamba hofu yao ni ya kubezwa eti kwa sababu ya fedha za kigeni. Lakini tofauti kati ya mgeni wa hoteli na mgeni wa nyumbani ni kwamba huyu wa pili ana mwenyeji anayemjua kwa jina. Mwenye nyumba anaweza kumwambia, kwa upole, hapa tunavaa hivi na kinywaji hicho hakiingii, na anayekuja kulala kwa mkulima wa Pemba kwa kawaida hakuja kutafuta kilabu. Sheha na wazee waulizwe kabla ya kibali kutolewa, na neno lao liandikwe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wa leo atalipa ili akabidhiwe hilo jembe, na msimu wa karafuu ukiwa mkali, mwenye shamba hatalalamika kupata mikono ya kuchambua makonyo usiku.

Kwa wakulima wenyewe tuna neno pia. Mwenye kudhani kwamba vyumba vitamtoa katika kilimo amekosea njia. Bora aombe kazi hotelini. Mwaka mkarafuu unapozaa vizuri, pato lake linajulikana. Mwaka unaopumzika, shamba huwa zito. Vyumba vimsaidie mkulima katika mwaka huo wa pili, apate kupalilia na asiuze robo ekari ili kulipia skuli au harusi. Yule ambaye ameshajenga bila ya ruhusa ajitokeze sasa, ahesabiwe miti yake kama wengine, na Serikali impe muda wa kujirekebisha badala ya kumtumia tingatinga.

Tunapendekeza pasingojwe sheria mpya kwa miaka. Ichaguliwe wilaya moja ya Unguja, miongoni mwa zile zenye mashamba ya viungo, na moja ya Pemba, utaratibu huu ujaribiwe huko kwa misimu miwili mikubwa ya karafuu. Miti ihesabiwe kabla ya kitanda cha kwanza kuingizwa, ihesabiwe tena mwisho wa jaribio, na hesabu zote mbili zibandikwe kwenye ubao wa halmashauri, mahali ambapo kila mpita njia ataweza kuzisoma.