Nyumba ya Mjane na Amri ya Tisa

Kila kijana wa Kipaimara hapa Kimali hujifunza amri ya tisa, ile inayokataza kuitamani nyumba ya jirani. Martin Luther, alipoieleza katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakuishia kwenye wizi wa wazi. Alimgusa pia anayejipatia urithi au nyumba ya mwenzake kwa hila, huku akijifunika sura ya haki. Basi tunasema bila kuzunguka: ndugu wanaomtoa mjane nyumbani kwake baada ya matanga wanavunja amri hiyo, hata wakiwa na muhuri mkononi.

Na muhuri wanao. Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililoandika mila za urithi, linamnyima mjane fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Eti atatunzwa na watoto. Wajane wawili wa Kisukuma wa mkoa wa Shinyanga, uliokuwa mkoa wetu pia kabla Simiyu haijaanzishwa mwaka 2012, walifukuzwa na wakwe katika nyumba walizoishi na waume zao. Wakaenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba mila hizo zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa yao kwa kasoro ya kiutaratibu. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayopinga ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema nchi yetu imewakosea, na kwamba sheria hizo za mila zifutwe au zirekebishwe. Kutoka hukumu ya kwanza hadi hapo ni miaka tisa. Mjane alale wapi miaka tisa?

Tutaambiwa sheria nzuri zipo. Zipo kweli. Katiba, ibara ya 13, inakataza ubaguzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mjane uhuru wa kuishi apendapo na kutorithiwa kama ng'ombe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Lakini anayemfukuza mjane hupata hasara gani? Mabati yameshang'olewa, mifugo imeshaswagwa, na mwenye kuhangaikia nauli ya kwenda Bariadi mjini ni yule aliyedhulumiwa. Bunge lifute mila hiyo ya mwaka 1963, tena liweke adhabu kwa yeyote anayemtoa mjane kabla mirathi haijafungwa mahakamani. Mtendaji wa kijiji apewe wajibu wa kumrudisha mjane ndani siku ileile, si kumwandikia barua ya kwenda kwingine.

Wazee wetu husema ng'ombe wa mahari walitoka katika zizi la ukoo. Sawa. Na pamba iliyonunua mabati, ilipaliliwa na nani? Ng'ombe wale walipelekwa kwa wazazi wake kwa heshima. Havikuwa bei ya mikono yake kwa miaka thelathini. Wala tusidanganywe kwamba madai haya yametoka Ulaya. Soma Hesabu 27: mabinti wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na wakuu wote, wakadai urithi wa baba yao. Musa hakuwajibu kwamba mila haibadilishwi. Alimpelekea Mungu shauri lao, Mungu akawapa haki, na sheria ikabadilika.

Sasa tuje usharikani, maana vikao vya ukoo huketiwa na watu wetu. Mzee wa kanisa hufungua kwa sala, kisha huombwa kutia saini muhtasari. Asitie, ikiwa mjane hakuwepo na hakusikilizwa. Muhtasari huo ndio hupelekwa Mahakama ya Mwanzo ili msimamizi wa mirathi ateuliwe. Na ikiwa kikao kimeshafanyika bila mama huyo, mchungaji na wazee wawili wafuatane naye mahakamani kuweka pingamizi, juma lilelile, kabla mabati hayajashushwa.