Nani Amesema Mtumishi Huyu Amekwisha?

Katika ofisi zetu yako maneno mafupi ambayo kalamu huyaandika upesi, na mtu akayabeba maisha yake yote: "hana elimu", "hawezi tena", "umri umempita". Mwenye kalamu hufunga jalada akaenda kunywa chai. Aliyeandikwa hurudi kwa mkewe na watoto wake akiwa ni mtu aliyekwisha. Kwa kuwa kalamu hiyo tunayo sisi watumishi wa umma na walimu, yafaa tuyatafakari maisha ya baharia mmoja wa Marekani, Carl Brashear, aliyestaafu mwaka 1979.

Alizaliwa mwaka 1931 katika jimbo la Kentucky, mtoto wa mkulima mweusi aliyelima ardhi ya mwingine kwa kugawana mavuno. Shule aliiacha mapema. Februari 1948 alijiunga na Jeshi la Majini, miezi michache kabla Rais Truman hajaamuru ubaguzi ukome majeshini. Lakini amri ni kitu kimoja, na nyoyo za watu ni kitu kingine. Alipoingia katika chuo cha uzamiaji huko Bayonne, New Jersey, alikuta kitandani pake vikaratasi vya kumtisha kwamba atazamishwa afe. Hakuondoka. Mwaka 1954 alihitimu.

Baada ya rangi yake, kikwazo kikawa ni vitabu. Mwaka 1960 alipelekwa kusomea daraja la juu la uzamiaji, akashindwa masomo ya sayansi, kwani msingi wa shule hakuwa nao. Wengi wangalifunga jalada hapo. Yeye, mtu mzima mwenye mke na watoto, alijisomesha upya. Mwaka 1963 akarudi darasani, akafaulu.

Januari 1966 ndege ya kivita ya Marekani iligongana angani na ndege iliyokuwa ikiijazia mafuta, karibu na kijiji cha Palomares nchini Hispania, na bomu moja la nyuklia likaangukia baharini. Brashear alikuwa miongoni mwa waliotumwa kulitoa. Machi mwaka huo, katika kazi hiyo, bomba la chuma lilifyatuka melini likamponda mguu wa kushoto. Mguu ukakatwa chini ya goti. Alisimulia baadaye kwamba alipokuwa akijizoeza kukimbia kwa mguu wa bandia, mara nyingine aliukuta umejaa damu, naye akajiuguza kimya kimya kwa maji ya chumvi, asije akaonekana kuwa hafai. Mwaka 1968 alirudishwa kwenye uzamiaji, na mwaka 1970 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kufikia cheo cha mzamiaji mkuu katika jeshi hilo.

Mwaka huo wa 1970 ndio ambao nchi yetu iliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Msingi wa wito ule ndio uliomvusha baharia huyu: kwamba mtu mzima kutojua jambo si mwisho wake, bali ni somo ambalo bado hajafundishwa.

Hata hivyo, si haki tumfanye malaika. Ulevi ulimteka, mpaka akakubali kutibiwa. Na ndoa yake ya kwanza, iliyompa watoto wanne wa kiume, ilivunjika mwaka 1978. Hapo pia pana somo kwetu. Kazi inayosifiwa hadharani yaweza kuwa inaila nyumba polepole, na mkuu wa kazi mwenye busara hungoji mtu aanguke ndipo amwulize habari za nyumbani kwake.

Alipovua sare, baada ya miaka zaidi ya 30, hakuketi kuhesabu nishani. Aliingia katika utumishi wa kiraia kwenye kituo cha Jeshi la Majini huko Norfolk, akafanya kazi hadi mwaka 1993. Alifariki mwaka 2006, na miaka miwili baadaye meli ya kuhudumia jeshi hilo ilishushwa majini ikiwa na jina lake.

Ndugu wasomaji, meli haitapewa jina la kila mstaafu, wala si lazima. Lililo lazima ni haki. Mwalimu asimcheke mtu mzima anayerudi darasani. Mkuu wa ofisi asimtupe pembeni mfanyakazi aliyeumia kazini, kabla hajampa nafasi ya kuonyesha analoliweza. Na mstaafu anapofika na jalada lake kuulizia mafao, asifanywe mwombaji. Mchumia juani hulia kivulini. Basi kivuli hicho tusikigeuze kuwa dirisha la "njoo kesho".

Kabla hatujaandika kwamba mtu fulani hafai, tujiulize swali moja: je, amekwisha yeye, au imekwisha subira yetu?