Adhabu imetangulia, kitabu hakijafika

Vyuo vikifunga, basi linalotoka Arusha kwa njia ya Mto wa Mbu na Engaresero hupanda hadi Sale likiwa na mzigo ambao kondakta hautozi nauli. Umo kwenye flashi na simu za wanafunzi: vitabu vya kiada, makala za majarida, mitihani ya miaka iliyopita, kamusi, nyimbo, filamu na programu za kompyuta zilizovunjwa kufuli. Nyumbani kwa mmoja wao, mdogo wake wa kidato cha sita anamsubiri, simu imechajiwa kwa sola tangu asubuhi. Hata salamu hazijaisha, anasema, "Kaka, nirushie na za fizikia." Jua linapozama, vitabu ambavyo thamani yake dukani ingemaliza mbuzi zizini vimeshaingia kwenye simu ya tatu, na vinakwenda Digodigo na Samunge.

Kwa maandishi ya sheria zetu, vijana hao wanaweza kufikishwa mahakamani. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kutumia kompyuta kuvunja haki za ubunifu. Kwa asiyefanya biashara kinataja faini isiyopungua Sh5 milioni au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kwa anayefanya biashara kinataja faini isiyopungua Sh20 milioni au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili, na juu yake fidia kwa mwenye kazi. Nyuma yake ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoizaa Cosota, taasisi ya Serikali ya hakimiliki. Adhabu, basi, tunazo za kutosha.

Tunachokosa ni njia halali ya kijana wa Sale kukisoma kitabu kile. Hapo ndipo Serikali imeshindwa, na tunalisema hilo bila kumung'unya maneno.

Tuanze na fedha. Mnufaika wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hupewa kwa ajili ya vitabu na viandikwa kiasi kisichozidi Sh200,000 kwa mwaka. Humo zimo kalamu, daftari, kopi na uchapaji wa kazi za darasani. Kitabu kimoja cha tiba au uhandisi kutoka Ulaya au Marekani kinaweza kuimeza posho hiyo yote kabla ya semesta kufika katikati, na kozi zinazosalia bado zinadai vitabu vyake. Waliopanga kiasi hicho walijua bei ya vitabu. Walijua pia, kama sote tunavyojua, kwamba pengo lingezibwa na sofkopi. Sera inayomtegemea mwanafunzi avunje sheria ili afaulu, kisha ikamwekea kifungo cha miaka 3, ni sera mbaya.

Hatusemi haya ili kumtetea kila mwenye flashi. Karibu na mageti ya vyuo zipo steshenari zinazoendesha biashara ya wizi mchana kweupe. Mteja akifika kaunta anataja jina la kozi tu. Muuzaji anafungua folda kwenye kompyuta yake, mwaka wa kwanza hadi wa tatu, somo kwa somo, na kitabu kizima kinatoka kwenye mashine kikiwa bado cha moto, kinatiwa spairo na jalada la plastiki, kinalipiwa. Mwenye steshenari anapata, mwenye mashine anapata, muuza karatasi anapata. Aliyekaa miaka minne akikiandika hapati hata senti.

Na mara nyingi anayeumia zaidi ni mtu wetu. Kampuni kubwa ya London ina masoko dunia nzima, lakini mhadhiri wa Kitanzania aliyeandika kitabu cha isimu, sheria au kilimo kwa Kiswahili soko lake ni darasa lile lile. Nakala ya kwanza ikishapigwa picha kwa simu na kutupwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa, soko limekwisha. Mchapishaji haoni sababu ya kutoa toleo la pili. Kisha tunakaa kwenye makongamano tukilalamika kwamba vitabu vya taaluma kwa Kiswahili ni vichache!

Vyuo navyo haviwezi kunawa mikono. Mhadhiri anayesambaza PDF ya kitabu kizima kwa darasa lake na kuagiza, "someni hadi sura ya tano," amefungua duka lile lile la steshenari, tofauti yake hatozi. Uongozi unaona na unanyamaza kwa sababu ukimya ni rahisi kuliko kununua leseni au nakala za maktaba. Mwanafunzi anayelelewa katika ukimya huo ndiye kesho tunayemtaka awe hakimu, ofisa manunuzi na mhasibu wa halmashauri.

Serikali imekuwa ikijaribu, lakini imejaribu kwenye vitu vya kushika. Kwanza ilikuwa stika ya Hakigramu kwenye kaseti na CD. Mwaka 2013 zikaja stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu. Faili halibandikwi stika. Sasa ipo tozo ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kurekodia na kunakili, na msingi wake tunauunga mkono: kama kunakili hakuzuiliki, basi mwenye kazi alipwe kupitia kifaa. Tunataka tu sehemu ya waandishi wa vitabu ionekane katika mgawo huo, kwa kiasi na kwa tarehe, isije ikawa fedha ya jukwaani pekee. Nyimbo na filamu zina watetezi wengi wenye sauti. Mwandishi wa kitabu cha chuo hana.

Wenzetu wamepita njia hii. Mwaka 2003 kampuni za muziki za Marekani ziliwashtaki wanafunzi wa vyuo vikuu kwa kurushiana nyimbo, na kesi zikafuatana kwa miaka kadhaa. Kurushiana hakukukoma. Mwaka 2008 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya elimu ya juu inayovitaka vyuo viwe na mpango wa kuzuia usambazaji haramu, na humo humo vikatakiwa, kadiri inavyowezekana, kuwapa wanafunzi njia halali badala yake. Hata nchi yenye wenye hakimiliki wakali kuliko wote iliona kwamba katazo pekee halitoshi. Huko India nako, wachapishaji Oxford, Cambridge na Taylor & Francis walikishtaki kibanda cha kopi ndani ya Chuo Kikuu cha Delhi. Septemba 2016 Mahakama Kuu ya Delhi ikaitupa kesi yao, ikisema kudurufu kwa ajili ya mafunzo kunalindwa na sheria ya nchi hiyo. Sheria yetu ya mwaka 1999 nayo inaruhusu matumizi binafsi na vielelezo vya kufundishia, lakini ni nani chuoni aliyewahi kumweleza mwanafunzi mpaka huo unaanzia wapi na kuishia wapi?

Sale yenyewe ina la kuwafundisha walioko Dodoma. Watemi, ambao vitabu vingi huwaita Wasonjo, wamelima kwa mifereji kwa vizazi vingi katika nchi yenye mvua ya kubahatisha. Maji ni ya wote, ila yana zamu, na zamu ina wasimamizi, wazee wanaoitwa wenamiji. Asiye na zamu ya moja kwa moja anayo namna ya kuomba na kulipia apate maji. Anayefungulia maji usiku shambani kwake bila zamu hutozwa faini. Hakuna mzee aliyewahi kuanza na faini kabla ya mfereji kuchimbwa.

Maelezo ya utaratibu huo yamo katika kitabu cha mwanaanthropolojia Robert F. Gray, The Sonjo of Tanganyika, kilichochapwa na Oxford University Press mwaka 1963. Tumwulize Waziri wa Elimu: kijana wa Samunge akitaka kusoma kilichoandikwa kuhusu babu zake, aende wapi? Duka la Waso halina. Karatu halina. Lami ya Waso hadi Sale imekuja, kilomita 49, na tunaishukuru, lakini kitabu hakijapita juu yake. Kijana huyo atarushiwa na mtu, na kwa kifungu cha 24 wote wawili wamekaa vibaya.

Hukumu yetu ni hii. Wizara ya Elimu, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) na Cosota wakae meza moja na kuweka leseni ya pamoja ya kudurufu na kusambaza kwa vyuo vyote, ilipwe na chuo kwa hesabu ya wanafunzi wake na ifike kwa waandishi. Kenya wanayo Kopiken kwa kazi ya namna hiyo, kwa hiyo hatuombi muujiza. Tasnifu na vitabu vilivyoandikwa kwa fedha ya umma viwekwe wazi kwa umma ulioilipa. Research4Life, mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa na wachapishaji ulioanza mwaka 2002 kwa majarida ya afya, uko wazi kwa taasisi za nchi kama yetu, lakini nywila isiyotoka mezani kwa mkutubi haimsaidii aliyerudi nyumbani Sale kwa likizo. Nywila hiyo imfuate mwanafunzi aendako. Posho ya vitabu ipangwe upya kwa bei za vitabu za leo.

Na kifungu cha 24 kirekebishwe. Mwanafunzi aliyemrushia mwenzake sura ya kitabu ili afanye mtihani hastahili kutajwa katika mstari mmoja na jela. Aonywe, chuo chake kiwajibike. Hadi marekebisho hayo yafike bungeni, tunawasihi polisi na waendesha mashtaka wasiwaguse wanafunzi hao. Mwenye steshenari anayechapa kitabu kizima cha mwandishi aliye hai na kukiuza getini hana pa kujificha katika tahariri hii. Faini ya kuanzia Sh20 milioni na kifungo cha kuanzia miaka 5 viliandikwa kwa ajili yake, na vianze kutumika.