TUULIZE KABLA YA KUCHEKA



Machi 2025 Ramadhani na Kwaresima ziliingia kwa kupishana siku chache tu. Huku kwetu Mbagala, ambako ukuta mmoja hutenganisha nyumba ya Mwislamu na ya Mkristo, mwanafunzi wetu alimwona mwenzake Mkatoliki akinywa maji bombani mchana. "Si ulisema umefunga?" Akamcheka mbele ya watoto wa mtaa, mwenzake akarudi kwao analia. Mama yake hakugombana na mtu. Ila ile sahani ya vitumbua aliyozoea kuwapelekea jirani zake wakati wa kufuturu haikuonekana tena mwezi mzima.

Kosa ni letu walimu. Tumewafundisha watoto nguzo za saumu, hatukuwaambia kuwa neno hili "kufunga" kila dini ina maana yake. Sisi hatuli wala hatunywi tangu alfajiri mpaka magharibi. Mkatoliki mtu mzima, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, hula mlo kamili mmoja tu, na Ijumaa za Kwaresima huacha nyama, maji hayamfunguzi. Mayahudi siku ya Yom Kippur hawali wala hawanywi tangu jua kuchwa hadi usiku wa siku ya pili. Wahindu wengi, wakiwemo wa mahekalu ya Kisutu, siku ya Ekadashi huacha nafaka na kunde. Na Qur'an (2:183) inatukumbusha kuwa saumu walifaradhishiwa pia waliotutangulia.

Wapo watakaosema tunalegeza imani. Hapana. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta Mayahudi wamefunga Ashura. Hakuwacheka, aliwauliza sababu. Wakamweleza kuwa siku hiyo Allah alimwokoa Nabii Musa (A.S.). Akasema Waislamu wana haki zaidi kwa Musa, akafunga na kuamrisha ifungwe. Baadaye ndipo alipokusudia kuongeza siku ya tisa ili tutofautiane nao. Vijana wetu waliokulia kwenye kanda za mihadhara wanataja aya za Biblia kwa kasi ya ajabu, lakini waulize jirani anafunga vipi: kimya.

Insha Allah, kipindi cha Jumamosi baada ya Alasiri kitakuwa cha somo hili. Wazazi msiogope, akida haitaguswa. Mzazi wa kijana yule alikwishampeleka kuomba radhi, Idi pili, na bakuli la pilau mkononi.