Sauti Zetu Zinafukuza Ndege Kamsamba

Mwezi Aprili mwaka huu nilikwenda Kamsamba, wilayani Momba, kumzika jamaa yangu. Wanaoifahamu sehemu ile ya mkoa wetu wa Songwe wanajua kuwa ni nchi ya mpunga, na kwamba mpunga ukianza kutoa masuke, ndege huja kwa makundi yanayoweza kumaliza shamba kabla mwenye shamba hajanywa chai. Njiani niliona tepe nyeusi zimefungwa kutoka mti hadi mti juu ya majaruba. Upepo ulipovuma zilimetameta na kutoa mvumo, na ndege hawakutua.

Nilimwuliza kijana aliyekuwa akilinda shamba wamezipata wapi. “Shikamoo mzee. Hizi ni kanda za video za zamani, tunazinunua Tunduma. Ukiipasua moja, inatosha shamba na nyingine unampa jirani.” Alisema kweli, kwani kanda ya saa 3 ina utepe wa takriban mita 250. Niliusifu ubunifu wa wakulima wetu, nikaendelea na safari. Lakini swali moja halikuniacha: katika mita hizo 250 kuna nini?

Niliporudi nilipita Tunduma kumtafuta muuzaji. Nikamkuta mzee mmoja niliyemfahamu tangu ujana wangu, ambaye miaka ya tisini alikuwa na kibanda umiza si mbali na mpaka. “Wewe si mtoto wa yule mama wa vitumbua?” akaniuliza. “Mlikuwa mkichungulia kwenye tundu la bati ili msilipe.” Sikuwa na la kujitetea. Alinionyesha kanda zipatazo 60 zilizobaki, zimepangwa ndani ya masanduku ya sabuni. Nyingine nyingi alikwisha kuziuza. Deki yake ilikufa zamani, panya walikuwa wanazaliana humo, na mteja wa kutoka Kamsamba alikuwa na fedha mkononi.

Kwenye vibandiko vya kanda zile niliona maandishi ya kalamu ya wino yaliyofifia: KIHINDI, MITHUN, TAFSIRI. Nikamwuliza kwa nini hizo 60 hakuziuza. Akasita kidogo, kisha akasema: “Mwanangu, aliyekuwa akitafsiri pale kibandani ni marehemu mdogo wangu. Alirekodi baadhi. Sauti yake imo humu, ila sijui imo katika ipi. Na sijui kama sijaiuza.”

Ndugu msomaji, nimefundisha chuo kikuu kwa miaka mingi na nimehudhuria mikutano kadhaa kuhusu urithi wa utamaduni. Hakuna mada iliyowahi kunieleza tatizo letu kwa uwazi kama sentensi zile za mzee wa Tunduma.

Wapo watakaosema filamu hizo ni za Wahindi, na Wahindi wanazo. Ni kweli kwamba *Disco Dancer* ya mwaka 1982, iliyomfanya Mithun Chakraborty aigwe na vijana wa mitaa yetu, haijapotea. Lakini kilichomo katika kanda ya kibanda umiza si filamu hiyo peke yake. Ndani yake yumo Mtanzania aliyeshika kipaza sauti na kuisimulia hadithi upya kwa Kiswahili chake, akiwapa mashujaa majina ya mtaani, akichomeka methali, akimkemea mhalifu kabla hajatenda uovu, akieleza desturi za ndoa za Kihindi kwa kuzilinganisha na mahari ya kwetu. Mabingwa wa kazi hiyo walijulikana mbali, kama Derek Mukandala aliyeitwa Lufufu, ambaye tafsiri zake zilisambaa kwa kanda hadi kwenye vibanda vya miji midogo. Ile ilikuwa fasihi simulizi iliyopata umeme. Na kama tunakubali kwamba ngano za bibi zetu ni urithi, sioni kwa nini usimulizi wa kibandani uitwe takataka.

Tena, uhusiano wetu na sinema ya Kihindi ni mkubwa kuliko vibanda hivyo. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake *Reel Pleasures* cha mwaka 2018, ameonyesha jinsi wafanyabiashara wa hapa hapa, wengi wao wakiwa wenye asili ya India, walivyojenga majumba ya sinema tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na jinsi watu wa rangi na dini zote walivyojaa humo. *Awaara* ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilitazamwa na vijana waliokuwa wakijiuliza kuhusu mapenzi, ndoa na amri ya wazazi, na watunzi wa taarabu wakaazima lahani za filamu za Kihindi wakazitia maneno yao. Historia hiyo ni ya Watanzania wenye asili ya India, na ni ya mama yangu muuza vitumbua pia.

Sasa tutazame waliojaribu kuhifadhi. Huko India, Neville Tuli alianzisha taasisi binafsi ya Osian’s mwaka 2000, akakusanya kazi za wachoraji pamoja na mabango ya filamu, picha za matangazo na vitu vingine vya sinema, ambavyo wengi waliviona ni makaratasi ya kufungia bidhaa. Lilikuwa jambo la busara kubwa kuweka bango la filamu pamoja na mchoro wa msanii mashuhuri na kusema kwamba vyote viwili ni sanaa ya taifa. Lakini mwaka 2006 taasisi hiyo ilianzisha mfuko wa uwekezaji katika sanaa. Msukosuko wa fedha duniani wa mwaka 2008 ukaliangusha soko, na ulipofika wakati wa kuwalipa wawekezaji mwaka 2009, malipo yakachelewa na malalamiko yakafuata. Hapo ndipo tunapojifunza kwamba hazina ya kumbukumbu inayotegemea mfuko wa mtu mmoja hutikisika pale mfuko huo unapotikisika.

Je, basi tuiachie serikali? India ilianzisha Hifadhi ya Taifa ya Filamu mjini Pune mwaka 1964, na P. K. Nair alitumia karibu miongo mitatu ya utumishi wake kuijaza. Hata hivyo *Alam Ara* ya mwaka 1931, filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, haipo mpaka leo. Januari 2003 moto uliteketeza mjini humo akiba ya filamu kongwe za naitreti, aina ya filamu inayoshika moto kwa wepesi wa kutisha. Nasi tulikuwa na Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1968, na iliyotutengenezea *Fimbo ya Mnyonge* katika enzi za Ujamaa. Waulize wanafunzi wangu ni wangapi wamewahi kuiona.

Mfano ulio karibu zaidi na sisi uko Zanzibar. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua studio ya picha ya Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, na baadaye mwanawe Rohit akairithi kazi hiyo. Kuta za duka lile zimebeba Zanzibar ya masultani, ya mitaa na ya mashua, kwa sababu familia moja ya Kihindi haikutupa negativu zake. Namheshimu kila mtu wa namna hiyo. Lakini taifa zima linapotegemea baba na mwana wasichoke, wasihame na wasiuze, hilo si sera, ni kubahatisha.

Wazee wetu walisema mkono mmoja haulei mwana, na kumbukumbu ni mwana wa namna hiyo. Mtu binafsi ana mapenzi na macho ya kuona thamani mapema, ila hana umri wa kutosha. Serikali ina umri, ila mara nyingi huona thamani ikiwa imechelewa. Vyuo vikuu vina wanafunzi na vyumba, ila tumezoea kuandika kuhusu urithi kuliko kuubeba mabegani. Kila mmoja peke yake ameshindwa mahali fulani. Dawa ni nakala moja ikae kwa mwenye mali, ya pili chuoni, ya tatu katika hifadhi ya umma, ili moto, deni au msiba wa nyumba moja usiwe msiba wa wote.

Mkoa wetu wenyewe unajua kuhifadhi ukitaka. Pale Ndolezi, wilayani Mbozi, kuna kimondo chenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 12. Kinahifadhiwa chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro, watoto wa shule hupelekwa kukitazama, na ni halali kabisa. Lakini kile ni chuma kilichoanguka kutoka angani. Kingeweza kukaa miaka mingine elfu bila msaada wetu. Utepe wa video hauna subira hiyo. Sumaku yake hufifia, ukungu huula, na mashine za kuusoma hazitengenezwi tena. Tumekiwekea ulinzi kisichooza, na kinachooza tumekiacha kwenye masanduku ya sabuni.

Nini kifanyike? Maafisa utamaduni wa halmashauri zetu, kuanzia Mji wa Tunduma, waorodheshe kanda, picha za studio na mabango yaliyomo majumbani, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Idara za Kiswahili, historia na sanaa vyuoni ziwape wanafunzi kazi ya kuhamisha kanda hizo kwenye kompyuta na kuwahoji waliokuwa wenye vibanda wakiwa bado hai. Vifaa vinavyohitajika ni deki inayofanya kazi, kifaa cha kubadilishia mawimbi na diski za kuhifadhia. Nathubutu kusema gharama yake haiifikii ile ya warsha ya siku 2 katika hoteli nzuri. Mwenye kanda abaki kuwa mwenyewe, apewe hati na nakala yake.

Kuna kikwazo ambacho sitakificha. Kanda nyingi zilidurufiwa bila idhini ya wenye filamu. Kwa hiyo wanasheria na Ofisi ya Hakimiliki washirikishwe tangu siku ya kwanza, ili zihifadhiwe kwa utafiti na si kwa biashara. Lakini hofu ya sheria isiwe kisingizio cha uvivu. Mwaka 2008 nakala iliyokaribia kukamilika ya *Metropolis*, filamu ya Kijerumani ya mwaka 1927, ilipatikana katika jumba la makumbusho mjini Buenos Aires, mbali kabisa na Berlin. Vitu huokoka mahali visipotarajiwa. Tunduma, mji ambao mizigo ya nchi kadhaa hupita, si mahali pa kudharauliwa.

Mzee alinipa kanda 12, akakataa malipo. Sharti lake lilikuwa moja: nikiipata sauti, aisikie. Nilizipeleka Mbeya kwa fundi wa Mwanjelwa ambaye bado ana deki nzima. Kanda 5 hazikutoa kitu ila mistari na kelele, na 6 zilikuwa na filamu bila msimulizi. Katika ile ya mwisho, baada ya dakika chache za muziki, kijana mmoja akaanza kuongea kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kwetu kabisa, akiwaomba watazamaji wa mbele wavue kofia.

Nilimpigia mzee, nikaisogeza simu kwenye spika. Alisikiliza kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akaniuliza kama zile za Kamsamba zinaweza kurudishwa. Nilimwambia kwamba utepe uliokwisha kupigwa na jua na mvua hausomeki tena.

Zimebaki kanda 48 kwenye masanduku yake. Kama wewe nawe unazo, hapo Mlowo, Vwawa, Ileje au popote, usiziuze kabla ya msimu ujao wa mpunga.