Betri iliyochoka ipimwe kabla ya kulipiwa

Mkulima anayepeleka mazao sokoni anaijua vizuri hasara ya lumbesa. Gunia linajazwa kupita kiasi, linashonewa kilemba juu, na mwenye mali anauza kilo nyingi kwa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo umepiga vita mtindo huo kwa miaka mingi kwa kusisitiza jambo moja tu, kwamba mazao yauzwe kwa mizani.

Katika vitongoji vya Dar es Salaam, kuanzia Mbagala, Chamazi na Tandika upande wa Temeke hadi Tandale, Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni, ipo bidhaa nyingine inayouzwa na kununuliwa bila mizani. Bidhaa hiyo ni uwezo uliobaki ndani ya betri ya lithiamu iliyochoka.

Betri za aina hii ziliingia sokoni mwaka 1991 zikiuzwa na kampuni ya Sony ya Japan. Mwaka 2019 wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi iliyoziwezesha. Leo zimo ndani ya simu ya wakala wa fedha, taa ya sola ya muuza samaki wa jioni, mashine ya kinyozi, spika ya machinga na bajaji ya umeme. Mfugaji wa kuku anazitegemea kuwasha taa bandani umeme unapokatika.

Zote huzeeka. Taa iliyokuwa ikiwaka hadi alfajiri inazimika saa nne usiku, na simu iliyokaa na chaji siku nzima inaomba chaja saa sita mchana. Mwenye mali ndogo hawezi kukimbilia dukani kununua mpya, hivyo anakwenda kwa fundi aliyeandika kwenye kibao kwamba anafufua betri. Fundi anaichukua, anairudisha jioni ikiwa imejaa, na fedha zinalipwa. Hakuna aliyepima betri ilikuwa na uwezo gani kabla, wala ina uwezo gani baada ya hapo.

Ili kujua kinachoweza kufufuliwa na kisichoweza, ni vizuri kufahamu kinachopotea. Ndani ya betri ya lithiamu kuna pande mbili. Wakati wa kuchaji, chembe za lithiamu husafiri kutoka upande chanya kwenda upande hasi, ambao kwa kawaida ni wa grafiti. Betri inapotumika, zinarudi zilikotoka. Katika kila safari chembe chache hunasa kwenye utando unaojijenga juu ya grafiti na hazirudi tena kazini.

Hali hiyo inafanana na ya mwenye duka anayekula mtaji kidogo kidogo. Duka linafunguliwa kila asubuhi kama kawaida, lakini bidhaa zinapungua. Joto huharakisha upotevu huo, na betri inayokaa imejaa muda wote ndani ya kioski cha bati wakati wa joto la Januari na Februari huchakaa haraka kuliko iliyowekwa kivulini.

Lithiamu iliyonaswa hairudishwi kwa kuchaji tu, hata fundi awe hodari kiasi gani. Hapo ndipo neno "kufufua" linapoanza kumpotosha mnunuzi.

Hata hivyo, si kila betri inayoonekana kufa imekula mtaji wake wote. Yapo matatizo manne ambayo fundi mwaminifu anaweza kuyatibu. La kwanza ni kipimo cha chaji kinachosema uongo. Simu inaonyesha asilimia 20 kisha inazimika ghafla. Mara nyingine kuitumia hadi ijizime yenyewe, kisha kuichaji hadi ijae bila kukatisha, hurekebisha kipimo hicho. Uwezo hauongezeki, ila mwenye simu anajua ukweli.

La pili ni saketi ya ulinzi iliyojifunga baada ya betri kuishiwa kabisa. Mafundi wengi huipa umeme kidogo ili iamke, kazi inayoitwa "kubusti". Ikiwa betri haikushuka mno na haikukaa muda mrefu katika hali hiyo, inaweza kurudi kazini. Lakini kuamsha si kuongeza. Seli iliyoshuka chini ya volti 2 hivi na kukaa hivyo huanza kuyeyusha shaba iliyo ndani yake, na ikichajiwa tena inaweza kupiga shoti kwa ndani.

La tatu ni seli kutolingana. Betri ya volti 12 kwa kawaida huwa na seli tatu au nne zilizounganishwa kwa mfululizo. Seli moja ikitangulia kuisha, saketi ya ulinzi huzima betri nzima hata kama nyingine bado zina chaji. Kuzisawazisha hurudisha uwezo ambao kwa kweli ulikuwapo, ila haukufikika. La nne ni seli moja mbovu kabisa, au kiungo kilicholegea. Hapa dawa ni kubadilisha, kwa sharti kwamba seli inayowekwa iwe ya aina moja na uwezo unaokaribiana na zilizobaki.

Nje ya hayo manne, mengi yanayouzwa kama dawa ni hasara. Kuweka betri kwenye friza hakurudishi kitu, bali huleta unyevu. Kuimaliza chaji kabisa kila wiki ni desturi iliyobaki kutoka kwenye betri za zamani za nikeli na kadimiamu. Kwa lithiamu ni kuichosha. Kuongeza maji ni matibabu ya betri ya gari na hayahusiki hapa. Kuisukumia volti kubwa kuliko iliyoandikwa ni kukaribisha moto.

Wapo wanaoamini kwamba sayansi imeshapata dawa. Ni kweli kwamba kazi inaendelea. Mwezi Februari 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Fudan cha Shanghai, China, walieleza katika jarida la Nature jinsi walivyoingiza chumvi maalumu yenye lithiamu ndani ya seli ili kufidia iliyopotea. Betri yao ya majaribio ilibaki na asilimia 96 ya uwezo baada ya mizunguko karibu 12,000. Hiyo ni hatua kubwa, lakini ni kazi ya maabara inayotaka seli iliyoandaliwa kwa ajili hiyo. Haifanyiki kwenye meza ya fundi wa Tandika, na anayedai anaifanya anadanganya.

Kinachowezekana Dar es Salaam leo kimekwisha kuonyeshwa na Watanzania wenyewe. Kijana Gibson Kawago, mwanzilishi wa kampuni ya WAGA, alijipatia jina kwa kukusanya betri za kompyuta mpakato zilizotupwa na kuziunda upya kuwa betri za taa, za akiba ya umeme na za baiskeli za umeme. Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulimweka katika orodha ya vijana 17 viongozi wa malengo ya maendeleo endelevu.

Msingi wa kazi ya namna hiyo hauna uchawi. Betri ya kompyuta huwa na seli kadhaa, na mara nyingi huhesabiwa imekufa kwa sababu ya moja au mbili tu. Seli zinatolewa, zinapimwa moja moja, mbovu zinatengwa na nzima zinapangwa na zinazolingana nazo. Hakuna aliyefufua kitu. Aliyepima amejua kipi bado kina thamani.

Kwa mkulima na mfanyabiashara, hesabu iko hapo hapo. Chukulia mfano wa betri mpya ya Sh300,000 itakayowasha taa za banda kwa usiku 1,000. Kila usiku unagharimu Sh300. Betri iliyotengenezwa kwa Sh120,000 na kudumu usiku 300 inagharimu Sh400 kwa usiku, yaani ni ghali kuliko mpya ingawa imelipiwa fedha kidogo. Lakini ikitengenezwa kwa Sh60,000 na kudumu usiku huo huo 300, gharama inashuka hadi Sh200. Bei hizi ni za mfano tu, na kila mmoja aweke zake. Fundisho ni kwamba bila kujua betri imebakiwa na nini, hakuna anayeweza kusema ameokoa au amepoteza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena ipo hasara isiyoandikwa kwenye risiti. Taa ikizimika ghafla usiku, vifaranga hushtuka na kurundikana, na wa chini hufa kwa kukosa hewa. Wakala wa fedha ambaye simu yake imezima saa moja jioni anamwona mteja akivuka barabara kwenda kwa jirani.

Kupima hakuhitaji maabara. Betri iliyoandikwa volti 12 na ampea-saa 20 ina takriban wati-saa 240. Ikijazwa na kuwekewa taa moja ya wati 10, inapaswa kuwaka saa 24 hivi kabla saketi ya ulinzi haijaizima. Ikiwaka saa 12, imebaki nusu. Ikiwaka saa 5, haifai kulipiwa matengenezo isipokuwa fundi athibitishe kwamba tatizo ni seli moja. Betri isiyo na saketi ya ulinzi isijaribiwe hivyo, na kwa kweli isitumike kabisa.

Mnunuzi aidai hesabu hiyo. Fundi aandike kwenye risiti namba mbili: uwezo kabla ya matengenezo na uwezo baada yake. Aongeze ya tatu, siku za dhamana. Fundi anayejua kazi hatapata taabu, kwani vifaa vidogo vya kupimia seli kwa miliampea-saa vipo na vinaonyesha namba yenyewe. Atakayekataa kuandika anamwambia mteja ukweli bila kukusudia.

Aidha, usalama usifanyiwe mzaha. Betri iliyovimba haitengenezwi, haitobolewi wala haichajiwi. Chaja ya betri ya gari isitumike kwenye betri ya lithiamu. Betri iliyofunguliwa na kufungwa upya isichajiwe usiku chumbani, wala bandani juu ya maranda makavu, wala stoo yenye magunia. Moto wa lithiamu hauzimiki kirahisi, na unaweza kuteketeza katika dakika chache mtaji wa miaka.

Mamlaka nazo zina nafasi. Chuo cha VETA kipo Chang'ombe, Temeke, karibu kabisa na mafundi wanaohitaji mafunzo mafupi ya kupima na kusawazisha seli. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, haitakuwa imetoka nje ya kazi yake ikiwasaidia mafundi hao kupata vifaa. Halmashauri zinazotoa mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu zinaweza kuvitazama vikundi vya mafundi betri kama zinavyovitazama vikundi vya wafugaji.

Tume ya Ushindani, kwa Sheria ya mwaka 2003, ina jukumu la kumlinda mlaji dhidi ya maelezo ya uongo kuhusu bidhaa na huduma. Kibao cha "tunafufua betri" kisicho na namba kinastahili kuulizwa. Na betri zilizokufa kweli zisiishie kwenye dampo la Pugu Kinyamwezi pamoja na maganda ya ndizi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka halmashauri zisimamie taka, na masanduku ya kukusanyia betri katika masoko ya Tandika, Temeke Stereo na Tandale yangekuwa mwanzo mzuri.

Lakini hayo yote yanaweza kuchukua muda, na mkulima hana haja ya kuyasubiri. Aliyekwisha kujifunza kukataa lumbesa anajua la kufanya. Kabla hajatoa fedha, aulize betri ilikuwa na uwezo gani, sasa ina kiasi gani, na jibu liandikwe kwenye risiti.