Saa nne usiku, machozi juu ya daftari la Kihispania

Jumanne ya wiki iliyopita dada yangu alinipigia simu saa nne na robo usiku. Hata salamu hakumaliza. "Mdogo wangu, wewe si ndiye unaandika mambo ya afya? Niambie, mtoto anayeumwa tumbo kila siku ya jaribio la Kihispania ana ugonjwa gani?"

Kwa mbali nilimsikia mwenyewe akilia. Ana miaka 13, na shuleni kwao walipewa kuchagua Kifaransa au Kihispania. Alichagua Kihispania kwa sababu ya mpira tu. Mambo yalikwenda vizuri hadi walipofika wakati uliopita, ule Wahispania wanaouita pretérito, wa tendo lililotokea likaisha.

Jumamosi nikaenda kwao. Chuoni nilisoma Kihispania mihula miwili, kwa hiyo si mwalimu, lakini nilipofungua daftari niliona tatizo la kwanza. Sisi tunasema nilizungumza, ulizungumza, alizungumza. Mtendaji yuko mbele na "li" haibanduki. Kihispania kinaweka yote mkiani: hablé ni nilizungumza, hablaste ulizungumza, habló alizungumza. Mtoto wetu anatafuta mtu mwanzoni mwa neno, hamwoni.

Hata alama ile ndogo juu ya herufi si pambo. Tomo ni "ninakunywa", tomó ni "alikunywa". Nikamwambia dada, mgonjwa akieleza habari za dawa halafu ukakosea hapo, unaweza kudhani dawa ameinywa mwingine. Akacheka, mara ya kwanza siku hiyo.

Machozi yenyewe, hata hivyo, yalitoka kwenye vitenzi visivyofuata kanuni. Kijana alikuwa ameandika hació kwa maana ya "alifanya". Mwalimu akapiga mstari mwekundu, na mama akaongezea maneno yake, yale tunayoyajua: hujali, unacheza tu na simu.

Sasa sikilizeni, wazazi wenzangu (najua, mimi bado sina mtoto, mnivumilie). Watoto wadogo waliozaliwa Hispania na Mexico, wanaonyonya lugha hiyo kwa mama zao, nao wanakosea hivyohivyo. Husema sabo badala ya sé, yaani "najua". Hawakumsikia mtu mzima akisema hivyo. Wamegundua kanuni kwa akili zao, wakaitumia hata pale lugha isipotaka. Wa kwetu naye husema "kuja hapa" kabla ya kuizoea "njoo". Kwa hiyo hació ilinionyesha kwamba kijana kanuni anaijua vizuri sana. Kilichobaki ni yale maneno yaliyoasi.

Na jibu sahihi lilikuwa hizo. Ndiyo, hizo, kama "nguo hizo", ila wao h hawaitamki. Alipoliona alicheka mpaka akashika mbavu, na sidhani atalisahau. Halafu nikamwonyesha kwamba kwenda na kuwa, kwa wakati huu, ni neno moja: fui, fuiste, fue. Ukijifunza moja umepata mawili. Tener inakuwa tuve, estar inakuwa estuve, poder inakuwa pude. Shina linageuka, lakini mikia yao ni ileile na haina alama.

Tatizo lililobaki lilikuwa la afya, na hapo sikumwonea haya dada. Kijana alikuwa akinakili jedwali zima mara kumi kila usiku hadi saa tano, kisha anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi la shule. Hizo ni saa sita. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18, na usingizi ndio wakati ubongo unapoyaimarisha yale yaliyosomwa mchana.

Kunakili nako kunadanganya. Mwaka 2006, watafiti wa Marekani Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi maandishi wasome. Waliosoma tena na tena walikumbuka zaidi baada ya dakika tano. Baada ya wiki moja, waliofunga karatasi na kujaribu kukumbuka ndio waliokuwa mbele. Basi tukakubaliana: vitenzi vinne tu kwa siku, daftari limefungwa, jioni kabla ya chakula. Mama anauliza kwa Kiswahili, "walifanya?", mtoto anajibu hicieron. Akikosa, anafungua, anatazama, anafunga tena. Dakika kumi zinatosha.

Kuhusu tumbo: wasiwasi unaweza kulifanya liume kweli, mtoto hasingizii. Lakini kama maumivu yanamwamsha usiku, yanakuja na homa, kutapika au damu kwenye choo, au anapungua uzito, usiseme ni jaribio. Mpeleke hospitali. Huyu wetu siku za likizo hakuumwa hata mara moja, na nilimshauri dada amwone daktari hata hivyo iwapo halitatulia ndani ya wiki mbili.

Jana usiku dada alinitumia picha ya karatasi ya jaribio. Vitenzi ishirini, vitano vina mstari mwekundu. Chini yake ameandika: "Amelala tangu saa tatu. Mimi ndiye niko macho, eti nasoma estuve."